Jirani Mwema wa Oregon

Wafugaji wa Oregon hawana shukrani. Jirani yao ni serikali ya Marekani, mmiliki wa zaidi ya nusu ya ardhi ya jimbo hilo, na kwa ukarimu hana mfano. Nyasi zake huachwa zikauke kwa amani zikisubiri radi. Ng'ombe wakizitamani mapema, huambiwa wangoje kibali. Mali ya umma hailiwi ovyo, huungua kwa utaratibu.

Mwaka 1935 Idara ya Misitu ya serikali hiyo iliagiza kila moto uwe umedhibitiwa kufikia saa nne asubuhi ya siku inayofuata. Moto wa Long Draw jimboni humo, Julai 2012, pengine haukuwa na saa: ulipita ekari zaidi ya 550,000, na ng'ombe wengi wakaiva kabla ya kufika buchani. Walionusurika nao hawasahauliki. Baada ya moto, mara nyingi hupewa likizo ya misimu miwili, nyasi zipumzike.

Sheria nayo haina upendeleo. Moto wa mfugaji ukivuka uzio, ni kesi. Wa jirani ukivuka, ni kudra ya Mungu. Asiyeridhika aombe kibali cha kufyeka mpakani, na aombe leo: kiangazi hakingoji mihuri.