Moduli Hajachanga

Katika kamati ya harusi ya binamu yangu nilipewa ukatibu kwa sifa moja tu: nina kompyuta. Hakuna aliyeuliza hali yake.

Kosa ni langu. Nilitaka kugeuza faili la PDF liwe la Word bila kutoa hata mia, nikapakua programu ya bure, nikawa nabofya kukubali, kukubali, kukubali, kama mtu anayeitikia dua asiyoijua. Ikaingia na wapambe wake: ukanda wa kutafutia juu ya kivinjari, ukurasa wa mwanzo nisioutaka, na matangazo ya dawa za kupunguza kitambi. (Hapo kwenye kitambi sikubishana nao sana.) Antivairasi ikawatimua wote, nikalala kwa amani.

Asubuhi nawasha, kidirisha kikanitokea katikati ya kioo: RunDLL, moduli iliyotajwa haikupatikana. Nikabofya OK, kikaondoka. Kesho yake kikarudi. Miezi miwili nikaishi nacho kama jirani mwomba chumvi.

Mpaka siku ya kikao. Nimeunganisha projekta ili wajumbe waone orodha ya michango, kumbe kidirisha kimeniwahi, kiko ukutani kipana kama mlango. Mweka hazina wetu, mzee asiyechezea ahadi za watu, akavaa miwani.

"Katibu, hapo pameandikwaje?"

"Moduli haijapatikana, mzee."

"Moduli ndiye nani? Ameahidi kiasi gani?"

Watu walicheka hadi soda zikamwagika. Mzee hakucheka, alikuwa anaandika. Nikajaribu kueleza nikaharibu zaidi: "Alikuwepo, mzee, ila ameshafukuzwa."

"Mnamfukuzaje mtu hajachanga?"

Kesho yake nikaenda kwa fundi. Hata kuitazama hakuitazama. "Tupige windo, bosi. Elfu ishirini." Nadhani huyu hata ukimpelekea pasi atataka kuipiga windo. Mpwa wangu, mtaalamu wa nyumbani, yeye aliamua adui ni rundll32, na kidole kilishakaribia kuifuta. Nilipiga kelele majirani wakasikia. Rundll32 ni mali halali ya Windows. Kazi yake ni kuendesha mafaili ya DLL, maana hayo hayawezi kujiendesha. Ilitumwa kumwita mtu, ikamkosa, ikaja kusema.

Nami sikubaki nyuma kwa ujinga. Nikapakua "kisafishaji" cha bure. Kikagundua makosa mamia kwa mamia, kikadai dola. Nilipokiondoa kikaniachia kidirisha chake. Sasa vikawa viwili.

Kumbe jambo lenyewe ni la daftari. Windows ikiwaka husoma majina yaliyo kwenye rejista, mahali paitwapo Run, kama mwalimu anavyoita mahudhurio. Mwanafunzi alishafukuzwa, jina halikukatwa. Kila asubuhi anaitwa, kimya, mwalimu analalamika.

Dawa ikawa Autoruns, programu ndogo ya Mark Russinovich na Bryce Cogswell wa Sysinternals, kampuni iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2006. Nayo ni ya bure, ndiyo, ila safari hii niliichukua kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe, na nilisoma kila neno kabla ya kubofya. Inakuonyesha wote wanaoitwa kompyuta inapowaka, na ambao mafaili yao hayapo mistari yao ina rangi ya njano. Wangu hao hapo, wanang'aa kama ndizi mbivu. Sikufuta kwanza, nilitoa tiki tu, nikawasha upya. Kidirisha kimoja kikatoweka, cha pili kikabaki kunitazama. Hicho jina lake lilikuwa limejificha kwenye kazi za ratiba za Windows. Nikalitoa tiki nalo. Nikazima, nikawasha, nikangoja huku mkono uko juu ya kipanya. Kimya.

Kikao cha mwisho nikafungua orodha kwa mbwembwe zote. Mzee akatazama ukuta mweupe, akafunua daftari lake.

"Katibu, yule Moduli alipatikana?"

"Hapana, mzee. Nimemfuta jina."

Akavua miwani. "Na deni lake unalilipa wewe?"