Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mafunzo: Ombi la Kuajiriwa Katika Kufunzwa

Kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA), Nairobi.
Nakala kwa Wizara ya Afya.

KUH: KUIFANYA HALI YA KUFUNZWA KUWA AJIRA YA KUDUMU

Wakazi wa Kipevu, wadi ya Changamwe iliyo upande wa bara wa Mombasa, wanaisalimu Mamlaka kwa heshima zote zinazoistahiki na kuipongeza kwa kuwapatia vijana shughuli isiyokwisha, jambo ambalo serikali nyingi zimelitamani bila kulifikia. Wanauchumi wa zamani walishikilia kwamba mafunzo humtangulia mtu kazini, kisha yakamwachia nafasi afanye kazi yenyewe. Huko Kipevu imebainika kwamba mafunzo yana uwezo wa kufuatwa na mafunzo mengine, na hayo na mengine tena, mpaka kijana akapata wajukuu kabla ya kupata barua ya kuajiriwa.

Msingi wa kisheria wa mafanikio hayo unajulikana. Sheria ya Mafunzo ya Viwanda, Sura ya 237, inamtaka mwajiri atoe tozo ya shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, na fedha hizo anaweza kuzidai kama fidia baada ya kuwapeleka watu wake kwenye kozi iliyoidhinishwa. Uzuri wa utaratibu huu ni kwamba unamtafuta aliyekwisha kupata kazi. Asiye na mwajiri hatozwi kitu kwa jina lake, wala hana fomu ya kujaza, na shilingi 50, ambazo kibandani ni mbaazi na mahamri ya asubuhi, hupita mbali naye kwa adabu kubwa.

Isidhaniwe kwamba Kipevu imekosa kile ambacho nyaraka za serikali hukiita viwanda vinavyokua. Gati jipya la mafuta, lililogharimu takriban shilingi bilioni 40 na lenye nafasi nne za kufungia meli, lilizinduliwa mwaka 2022, na mwaka huohuo ikakamilika awamu ya pili ya kituo cha makasha kilichojengwa kwa mkopo wa Japani, huku mitambo ya umeme ya Kipevu ikiwa imenguruma masikioni mwa wakazi kwa miaka mingi. Viwanda vinakua kweli, na vinaonekana vizuri sana kutoka upande wa nje wa ua.

Kwa anayetaka kuingia ndani ya ua, au kuvuka bahari kabisa, ipo kozi ya usalama ya msingi kwa mabaharia, ambayo hutolewa na Chuo cha Bandari miongoni mwa vingine, na ambamo mwanafunzi hujifunza kujiokoa majini, kuzima moto na kutoa huduma ya kwanza. Kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, unaofahamika kwa herufi STCW, baharia hutakiwa kuthibitisha upya ujuzi wa kujiokoa na wa kuzima moto kila baada ya miaka 5. Kijana aliyefuzu lakini hakuitwa na meli yoyote hurudi basi kujifunza upya kujiokoa kutoka chombo ambacho hajakikanyaga, na kwa kuwa hajawahi kuzama, rekodi yake ya usalama haina doa.

Neno ruzuku nalo linahitaji kufafanuliwa kwa faida ya wasomaji wa kawaida. Ruzuku ni fedha ambayo serikali humpa mtu bila kumdai irudishwe. Mradi wa NYOTA, kwa mfano, unaahidi kila kijana aliyechaguliwa shilingi 50,000 za kuanzishia biashara, na katika awamu ya kwanza ya shilingi 25,000 hukatwa shilingi 3,000 za akiba ya uzeeni, uamuzi wa busara kwa kuwa uzee ndio cheo pekee ambacho mpokeaji ana hakika ya kupandishwa. Mradi wenyewe unaendeshwa kwa fedha za Benki ya Dunia, dola milioni 229, ambazo sehemu yake kubwa ni mkopo; kwa hiyo kijana hupewa bure kitu ambacho atakilipa kupitia kodi ya unga, ya mafuta na ya salio la simu.

Hata hivyo, ni katika sekta ya afya ambapo falsafa ya Mamlaka na ndugu zake wizarani imefikia ukomavu. Mnamo Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000 nchini walizinduliwa rasmi na kukabidhiwa mabegi yenye kipimo cha presha, kipimo cha sukari, kipimajoto na mizani, pamoja na simu za kuingizia takwimu. Mhamasishaji hubisha hodi mlango baada ya mlango, hupima presha ya bibi, humpima mtoto uzito, huandika, hurejesha. Malipo yake hayaitwi mshahara bali posho, nayo ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti, ilhali amri ya mishahara ya Novemba 2024 iliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida wa Mombasa kuwa shilingi 16,113 na senti 75. Tofauti hiyo si dhuluma, kwa sababu kibarua anafanya kazi na mhamasishaji anajitolea, na anayejitolea, kama inavyofahamika katika sayansi ya lishe, hali sana.

Madaktari wanagenzi, yaani wale waliomaliza chuo na wanaotakiwa kuhudumu hospitalini chini ya uangalizi kabla ya kusajiliwa kikamilifu, walikuwa na dhana potofu kuhusu jambo hilo. Makubaliano ya mwaka 2017 yaliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi; serikali ilipotangaza kwamba mtu anayejifunza anatosheka na 70,000, madaktari wa umma waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi hadi Mei 2024, na wanagenzi wakaendelea kuvutana na wizara hadi Desemba ndipo kiwango cha awali kikakubaliwa. Wahudumu walioajiriwa kwa mkataba mwaka 2020 chini ya mpango wa afya kwa wote nao walipiga kambi nje ya makao makuu ya wizara mwaka 2025, wakidai ajira ya kudumu. Wauguzi, ambao nchi ilitia saini mkataba wa kuwapeleka Uingereza Julai 2021, ndio waliouelewa mfumo mapema: Kenya hufunza, Uingereza huajiri, na mgonjwa wa Changamwe hushauriwa kuwa na subira.

Kwa kuzingatia hayo, wakazi wanapendekeza kwamba, sawa na Dongo Kundu iliyofanywa eneo maalumu la kiuchumi, Kipevu nayo itangazwe kuwa eneo maalumu la mafunzo ya kudumu. Mwanagenzi aajiriwe kama mwanagenzi, apandishwe kuwa Mwanagenzi Mwandamizi anapofikisha vyeti sita, na Mwanagenzi Mkuu anapokuwa hana tena ukuta wa kuvitundika. Apewe likizo ya mwaka, bima ya afya na pensheni, na miaka yake yote ya kufunzwa ihesabiwe kuwa uzoefu, ili tangazo la kazi linalodai uzoefu wa miaka mitatu lisimkute tena mikono mitupu. Gharama isiitie Mamlaka hofu, kwani fedha za kufunza hupatikana kila mwaka. Zinazokosekana ni za kuajiri, na hizo hazitahitajika kamwe.

Vyeti vimeambatishwa, nakala tatu tatu, vimegongwa muhuri na wakili. Iwapo jibu litachelewa kwa sababu ofisi ya Mamlaka haina mtu wa kuliandika, Kipevu inao vijana waliofuzu ukatibu, daraja la kwanza, walio tayari kupanda basi la usiku na kuja kuliandika wenyewe, kwa masharti ya uanagenzi.

Wenu watiifu,
Wakazi wa Kipevu