Sifa za Upendeleo Kanisani

Washairi wamemsifu simba, wakaisifu asali na mvua ya masika, wakausahau upendeleo, ambao katika nyumba ya Mungu umewakirimu watu wengi kuliko mahubiri; nami, kwa kuwa sina jamaa hata mmoja aliyevaa joho, naona ni wajibu wangu kuuadhimisha, maana harufu ya pilau huijua zaidi aliyekaa nje ya ua.

Nasaba yake ni tukufu. Papa Sisto wa Nne, alipokalia kiti cha Roma mwaka 1471, hakujitaabisha kutafuta wenye elimu katika miji ya mbali, bali mwaka ule ule aliwavika ukardinali Giuliano della Rovere, mwana wa ndugu yake wa kiume, na Pietro Riario, mwana wa dada yake. Paulo wa Tatu alimzidi kwa huruma: mwaka 1534 alimfanya kardinali mjukuu wake, Alessandro Farnese, kijana wa miaka 14, umri ambao kwetu mtu haaminiwi hata ufunguo wa ghala. Lugha ya Kiitalia nayo ilisaidia kusitiri, kwa kuwa neno lake nipote humkusanya mpwa na mjukuu pamoja. Kiswahili, kinachotaka kujua mtoto ni wa nani na kwa upande upi, ni lugha ya kuchongea watu. Ni kweli kwamba mwaka 1692 Inosenti wa Kumi na Mbili aliwakataza mapapa kuwagawia jamaa zao mali na vyeo, lakini hata yeye aliacha mlango wa ndugu mmoja, mradi awe anastahili.

Katika usharika nisalimo mimi mlango huo ni mpana zaidi. Mhazini ni shemeji wa mchungaji, na mkaguzi wa hesabu ni mkwe wa mhazini, hata ukaguzi humalizika kabla chai haijapoa, ilhali kwingine watu hugombana siku tatu kwa ajili ya risiti. Mwinjilisti asiye na mjomba akikosea shilingi chache hutengwa na meza ya Bwana. Kijana wa wakubwa akipoteza daftari zima huhamishiwa usharika mkubwa zaidi, ili toba yake ipate nafasi. Na aulizaye huonywa kwa upole kwamba mkono unaomnyooshea kidole mtumishi hukauka.

Wako wasemao kwamba mabati ya paa, tuliyoyachangia kwa mavuno ya misimu mitatu, yamepotea. Huo ni uzushi. Mvua inyeshapo wakati wa ibada, nasi tukisogeza mabenchi kukwepa matone, tunayasikia vizuri kabisa yakilia juu ya duka la shemeji.