Kadi ya Sauti kwa Masikio ya Popo

Kadi ya sauti hugeuza tarakimu za kompyuta kuwa mkondo wa umeme, nazo spika huugeuza mkondo huo kuwa mlio. Katika kompyuta nyingi za nyumbani, kazi hiyo tayari hufanywa na chipu iliyo kwenye ubao mama, bila malipo na bila shukrani. Mnunuzi wa Kisii au Nyamira huilaumu chipu hiyo pale obokano, kinubi cha Wagusii chenye nyuzi 8, kinapokoroma spikani. Obokano hukoroma hata mikononi mwa fundi wake. Ndiyo sifa yake.

Kadi ni za aina mbili. Ya ndani huchomekwa kwenye nafasi ya PCI Express, nafasi ambayo kompyuta ya mapajani haina. Ya nje huchomekwa kwenye USB, huweza kuwa nafuu, na mara nyingi hutibu mvumo unaosikika kila kipanya kinaposogezwa.

Kisha huja tarakimu za kwenye boksi. CD hutumia biti 16 na sampuli 44,100 kwa sekunde, kiasi kinachotosha sikio la binadamu, ambalo kikomo chake ni takriban hezi 20,000. Sampuli 192,000 humfaa zaidi popo wa darini, naye hachangii bei.

Utaratibu wa busara ni kubadili waya kwanza, spika pili, kadi mwisho. Utaratibu uliozoeleka ni kununua kadi, kuiunganisha na spika iliyopasuka, kisha kungoja mvua ya alasiri ipige mabati na kumaliza ubishi.