Tochi Yangu Inakusalimu, Bwana Msimamizi

Kamere, chini ya mabomba ya Olkaria,
Naivasha.

Kwa Msimamizi wa Ukaguzi wa Abiria,
Uwanja wa Ndege (jina nalisitiri, mwenyewe unajijua).

MINT: KUPIGA PICHA CHINI YA MAJI NI KOSA LA KIFUNGU GANI?

Bwana Msimamizi,

Sisi tu wazima, hofu na mashaka ni juu yako na vijana wako, ambao nasikia hawajalala vizuri tangu wauone mkoba wangu.

Kwanza niisifu mashine yenu. Nguo na vyakula huvionyesha kwa rangi ya machungwa, chuma kwa buluu, alumini kwa kijani, na vizito vya risasi vya wazamiaji huonekana vyeusi tititi. Basi mkoba wangu una karibu rangi hizo zote. Una kasha la alumini la kuzuia maji yasiingie kwenye kamera, mikono miwili yenye vifundo vya kushikia flashi, pampu ndogo ya kunyonya hewa, tyubu ya grisi, vipakiti vya chembechembe za kukausha unyevu, na tochi ya kuzamia. Kwangu hivyo ni vyombo vya kazi. Kwa kijana wako wa skrini ni sinema. Simlaumu, anayelipwa kushuku na ashuku.

Swali lake la kwanza nililitarajia. Alikitazama kitambulisho, akaona Naivasha, akaniuliza nyumbani hasa ni wapi, kisha akacheka.

"Mzee, Olkaria kuna bahari?"

Hakuna bahari, kijana. Kuna ziwa. Chini ya mafunjo ya Naivasha wamo kamba wekundu wenye asili ya Louisiana, waliotiwa humo mwaka 1970, na mimi hupenda kuwapiga picha. Kamera naizamisha kwa fito nikiwa nimeketi kwenye mashua, maana viboko hawajali kitambulisho. Na siku hizi ziwa halingoji tulifuate. Mwaka 2020, na tena 2025, lilikuja lenyewe mpaka mtaa wa Kihoto, watu wakazifikia nyumba zao kwa mashua. Ukitaka picha ya sebule ya Kihoto, Bwana Msimamizi, kamera ya nchi kavu haikufai.

Tena kwa habari ya ndege na maji, sisi tulitangulia. Katika miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways, zile zilizojengwa ili zitue majini, zilishuka kwenye ziwa letu, na abiria wa Nairobi wakamaliza safari kwa gari. Uwanja wenyewe ulikuwa maji. Sijui mkaguzi wa enzi hizo alimwambia nani atoe vimiminika vyake.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni betri.

Kanuni za kimataifa za usafiri wa anga hazina fumbo. Betri ya akiba ya lithiamu husafiri na abiria. Haitiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege. Isiyozidi wati-saa 100 haina neno. Kati ya 100 na 160, abiria huomba ruhusa ya shirika la ndege, wala hazizidi mbili. Ikipita 160, ibaki nyumbani. Tochi ya kuzamia nayo imetajwa waziwazi, fungu moja na vyombo vya kulehemu, kwa kuwa ikiwaka bila maji ya kuipoza inaweza kupata joto la hatari. Uombe ruhusa, kisha uitenganishe na betri yake. Niliomba. Nilitenganisha. Ncha za betri nilizifunika kwa selotepu, na ubavuni imeandikwa volti 14.4, ampea-saa 3.4. Zidisha, upate wati-saa 49. Hesabu ya darasa la sita.

Kwenye meza ya mizigo dada mmoja akaniambia betri ziende chini. Nikamweleza, akaniita mbishi. Kwenye mashine, kijana akaniambia haziwezi kupanda juu wala kurudi chini. Toka meza ile hadi mashine ile si mwendo wa kuchosha, lakini katika mwendo huo betri zangu zilikuwa hatari juu na hatari chini, na salama mahali pamoja tu: kwenye droo ya kijana. Sifa za droo hiyo nimezisikia. Betri zikilala humo haziamki, isipokuwa mwenye betri akumbuke kwamba kijana hajanywa chai tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na haraka, na kumbukumbu yangu si nzuri.

Hapa niweke mzaha kando. Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS ilishika moto angani ikaanguka Dubai. Ilikuwa imebeba betri nyingi za lithiamu, na marubani wote wawili walifariki. Betri ikifuka moshi karibu na kiti, mhudumu ataiona na kuimwagia maji. Kule chini hakuna mhudumu. Kwa hiyo siku ya safari yangu mtu aliyetaka kuihatarisha ndege alikuwepo kweli uwanjani mwako. Alikuwa amevaa beji, na hakuna aliyempitisha kwenye mashine.

Mashine yenyewe, kama hujui, inakula kwetu. Mtambo wa kwanza wa Olkaria uliwashwa mwaka 1981 ukiwa na megawati 15. Leo mvuke wa ardhini unaipa Kenya zaidi ya theluthi ya umeme wake, na mwingi wa mvuke huo unatoka hapa. Visima vinashuka kilomita mbili, vingine tatu, kwenye joto linalopita nyuzi 300, nasi tunalala jirani navyo pamoja na watoto. Umeme wa Olkaria ukifika kwako kwa waya, unaukaribisha. Ukifika mkononi mwa mzee wa Kamere, wati-saa 49 tu, unaitiwa askari.

Vijana wa uwanja wa Pwani, nilikokuwa nakwenda, nao wasisahauliwe. Nilipokuwa narudi kutoka huko nilikuwa na kasha la akiba ambalo sikuwa nimelifungua tangu nilifunge Kamere, karibu mita 1,900 juu ya bahari. Hewa iliyomo ilikuwa ya kwetu, nyepesi. Ya Pwani ni nzito, na hukandamiza kila sentimita mraba ya kasha kwa kama gramu 200. Kifuniko cha ukubwa wa daftari kinabanwa kwa uzito wa mtu mzima. Nikaagizwa nifungue. Nikasema nianze kwa kulegeza kijiskrubu cha hewa, nikaambiwa nisiguse kitu. Kijana akavuta mwenyewe. Akamwita mwenzake, mmoja akashika huku, mwingine kule, wakavuta mpaka kofia zikaanguka. Kitu kisichofunguka kina siri, wakasema, na wa tatu akaitwa. Mwishowe nikaruhusiwa kulegeza skrubu, hewa ikaingia kwa mluzi: psiiii! Nilipoinua macho, foleni yote ilikuwa imelala sakafuni, na mkubwa wao alikuwa nyuma ya friji ya soda akikemea kwa sauti kwamba pasiwe na mtu wa kukimbia.

Nilikuwa na nafasi nzuri ya kupiga picha, ila kamera ilikuwa ushahidi.

Sikuombi mengi. Bandika kanuni ya betri ukutani, kwa Kiswahili, kwenye meza ya mizigo na kwenye mashine, maandishi yawe yaleyale pande zote mbili. Vijana wakishaisoma, waonyeshwe namba iliyo ubavuni mwa betri. Zangu mbili zimo kwenye droo ya chini upande wa mashine, nimeziandika "Kamere" kwa kalamu nyeusi.

Mwezi ujao anapita hapo mpwa wangu, umkabidhi. Utamtambua kwa urahisi: amenunua droni, na karatasi zake zote anazo. Naomba uwaandae vijana mapema.

Wako mtiifu,
Mzee wa Fito na Kamera, Kamere.