Naomba Nami Niandikwe Mlowezi

Kwa Mkubwa wa Masuala ya Wageni,
Dirisha ambalo sitalitaja,
Nakuru.

Mheshimiwa,

KUH: OMBI LA KUBADILISHIWA DARAJA, KUTOKA MGENI HADI MLOWEZI

Mimi ni fundi wa nguo kutoka Bukavu, sasa mkazi wa jiji hili lililopandishwa cheo tarehe 1 Desemba 2021 na ambalo, ukilitazama vizuri, nalo bado linazoea hali yake mpya.

Kwanza nishukuru, maana Nakuru imenipokea. Baridi ya asubuhi nimeizoea, vumbi nimelizoea, na chai ya maziwa nimeizoea hadi nikiikosa saa nne kichwa kinagonga. Wateja wananiita bosi kabla ya kuniomba deni. Mke wangu ameingia chama cha kina mama wa ploti yetu na zamu yake ya kupokea imekaribia. Tena tunaishi London! Ndugu zangu kule nyumbani wamekataa katakata kuamini kwamba kuna London iliyo chini ya Menengai, karibu na jaa la Gioto. Kila Jumapili wanapiga simu kunikumbusha kwamba mtu wa London hawezi kukosa ada ya shule ya wapwa zake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nalitaka. Nimefika dirishani pako kuliomba, nikaambiwa jembe lina kibali chake, kibali kina fomu yake, na fomu imeisha.

Ilipopatikana, ikaniuliza lokesheni ya baba yangu na jina la chifu wake. Baba alizaliwa kando ya Ziwa Kivu, nikaandika Kivu. Kijana wa dirishani akaniuliza Kivu ni kaunti gani. Nikamjibu haijagatuliwa. Hakucheka, akaniambia nije kesho.

Kwa kuwa kadi ya mgeni ninayoingoja haijatoka, siwezi kusajili laini ya simu kwa jina langu. Mteja akichukua gauni la kitenge, hela zinaingia kwenye simu ya jirani yangu mama mboga. Inabidi niruke mtaro, nimsubiri amalize kukatia watu sukuma, afute mikono kwenye leso, atafute miwani, kisha anisomee ujumbe kwa sauti mbele ya wanunuzi wote. Mtaa mzima unajua mapato yangu. Mama wa watu hajawahi kunipunja hata shilingi, ila siku hizi ananishauri nipunguze nyama.

Sasa, foleni yako humpa mtu nafasi ya kusoma, nami nimesoma historia ya bonde hili nikiwa nimesimama. Nimegundua shida iko wapi. Nimekuwa nikiomba kama mgeni, kumbe wageni waliofanikiwa hapa waliandikwa walowezi.

Chukua Lord Delamere. Alifika nyanda hizi mwaka 1897 akitokea Somalia na msafara wa ngamia, bila barua ya mwaliko. Miaka michache baadaye serikali ya kikoloni ikamkodishia ekari 100,000 huko Njoro kwa miaka 99, kodi pauni 200 kwa mwaka. Nimepiga hesabu kwa chaki juu ya meza yangu ya kukatia nguo: ni kama nusu peni kwa ekari. Eneo lenyewe ni zaidi ya mara mbili ya Mbuga ya Ziwa Nakuru. Mimi nina chumba cha futi kumi kwa kumi, na msimamizi wa ploti hugonga mlango tarehe tano kabla jogoo hajawika.

Delamere alitakiwa atumie pauni 5,000 kuliendeleza shamba ndani ya miaka mitano. Mimi naambiwa kibali cha mwekezaji, daraja la G, kinataka mtaji wa dola 100,000. Cherehani yangu ya kukanyaga, pasi ya makaa, mkasi na vitenge vyote vya dukani, hata ukitupa na mimi mwenyewe kwenye mizani, hatufiki.

Wala si kwamba bwana yule alifaulu upesi. Nyasi za Njoro zilikuwa na upungufu wa madini, na inasemekana Wamaasai walilijua hilo ndiyo maana hawakupenda kuchunga pale. Kondoo wake wakafa kwa wingi. Ng'ombe wakaugua. Ngano ikashikwa na kutu. Mtu alipata hasara mwaka baada ya mwaka, lakini sijasoma popote kwamba afisa alimwita akamwambia afunge virago arudi kwao. Badala yake, barabara tunayoiita leo Kenyatta Avenue kule Nairobi ilipewa jina lake.

Makaburu nao waliteremka kwenye treni hapahapa Nakuru mwaka 1908, wakafunga maksai kwenye magari yao wakaelekea Uasin Gishu. Hakuna aliyewauliza jina la chifu. Lord Egerton alijenga kasri la vyumba 52 huko Njoro na kupiga marufuku wanawake kulikanyaga. Mimi nikipata mgeni wa usiku mmoja, mwenye ploti ananiongezea bili ya maji.

Waliosumbuliwa walikuwa wenyeji. Mwaka 1904 Wamaasai waliwekewa mkataba wakaondolewa kwenye bonde hili hadi Laikipia, kwa ahadi kwamba hawatahamishwa tena maadamu kabila lao lingalipo. Mwaka 1911 mkataba mwingine ukawatoa Laikipia. Kabila lilikuwa lingalipo. Nadhani faili lilikuwa limepotea. Na kipande, kilichotungiwa sheria mwaka 1915, alikivaa mwanamume Mwafrika shingoni, ndani ya kikebe cha chuma, pamoja na alama za vidole vyake. Mlowezi alitembea shingo wazi.

Nchi yangu iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Nilidhani tumeingia sote. Kumbe iliyoingia ni bendera.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba masharti ya Delamere. Sina tamaa: ekari 99,999 namwachia mwenye haki nazo. Naomba ile moja iliyobaki, kwa nusu peni, nami nitalipa ya miaka 99 leo hii kwa pesa taslimu. Naomba pia ruhusa ya kupata hasara miaka kadhaa bila kuitwa ofisini. Usiseme haijawahi kutokea mtu akapita bila karatasi: Ziwa Nakuru lenyewe limefurika nje ya mbuga likahamia kwenye nyumba za watu kule Mwariki, na halikujaza fomu.

Ikishindikana, nitaridhika na laini ya simu. Unijibu kwa namba ya mama mboga iliyo nyuma ya bahasha, lakini usipige kabla ya saa tatu asubuhi. Huwa ameenda soko la Wakulima, na simu anamwachia mtoto, ambaye naye hukata.

Wako mtiifu,

Fundi wa vitenge