Shangazi Lehemu Ajibu: Havijafa, Havijapona

Safu hii huandikwa kutoka soko la Sigalagala, kando ya barabara ya Kakamega–Kisumu, karibu na politekniki yenye vijana wanaoijua sheria ya Ohm kwa moyo lakini hawajawahi kupigwa shoti na runinga ya babu yao. Maswali ya mapenzi wapelekeeni mashangazi wengine, magazeti yamejaa wao. Mimi hushughulikia ndoa pale tu ilipoingiliwa na kifaa.

*Shangazi, mwaka 1998 nilipata dhahabu kidogo pale Rosterman, na badala ya kuongeza ng'ombe nikanunua Great Wall, inchi 14, nyeusi na nyeupe. Kwa miaka mingi boma langu ndilo lililokuwa na watu. Sasa inaonyesha chenga tu. Mama watoto anataka kuitoa matumbo ili kuku watage ndani. Nisaidie kabla Jumamosi haijafika.*
*— Mzee wa Chenga, Malinya*

Mzee, shikamoo. Kwanza mwambie mama aweke bisibisi chini. Bomba la picha huweza kubaki na umeme wa maelfu ya volti hata runinga ikiwa imezimwa na waya umechomolewa, na kioo chake kina madini ya risasi. Mayai ya humo utamlisha nani? Kuku ajengewe kwa mabanzi.

Sasa tuje kwa mgonjwa. Najua ulivyoteseka naye. Betri ya gari ilifungwa nyuma ya baiskeli kila baada ya siku chache ikachajiwe sokoni, na asidi ikamwagika ikatoboa suruali ya pekee uliyokuwa ukivaa kanisani. Antena ilikaa juu ya mlingoti wa mkaratusi. Kijana mmoja nje alizungusha, mwingine mlangoni akapaza sauti, "Rudisha! Kidogo! Hapo hapo! Umepitisha!" na ndani ukoo mzima ukangoja Vioja Mahakamani. Picha ilipokubali, kijana wa nje aliamriwa asiuachilie mlingoti. Wako watu wazima hapa Ikolomani waliousikia mpira wote wa utotoni mwao wakiwa wamekumbatia mti, bila kuona bao hata moja.

Lakini runinga yako, mzee, haina ugonjwa. Chenga unazoziona ni ushahidi kwamba inasikiliza kwa makini kabisa. Wa upande wa pili ndiye aliyenyamaza. Mataifa yalikuwa yamekubaliana kwamba matangazo ya analogi yafike mwisho tarehe 17 Juni 2015, na Kenya ikawahi kabla ya hapo. Utakumbuka Februari ya mwaka huo, serikali na wenye vituo walipovutana hadi NTV, KTN na Citizen zikawa giza kwa karibu wiki tatu. Watu wengi walipiga runinga zao makofi wakidhani ni waya umelegea. Runinga zilipigwa bure mwaka ule.

Na hapa nitasema jambo ambalo mafundi wenzangu hawapendi kulisema, kwa kuwa linapunguza wateja. Vingi mnavyoniletea havikuharibika. Viliachwa. Aliyekuwa akirusha mawimbi ameacha, aliyekuwa akitengeneza mawe ya redio amefunga kiwanda, aliyekuwa akiuza chaja amebadilisha tundu. Mliuziwa mwili, roho ikabaki kwa mwenye nayo. Siku aliyoichukua hakuja Malinya kukuaga.

Dawa ipo, ingawa ina vituko. King'amuzi, kile cha kupokea matangazo ya dijitali, hutoa picha kwa zile nyaya za AV, ya njano, nyeupe na nyekundu, na Great Wall nyingi za rika la yako zina tundu la antena peke yake. Tafuta video deki ya zamani, zile za kanda kubwa. Ingiza nyaya za king'amuzi kwenye deki, kisha toa waya wa antena kutoka kwa deki uingie runinga. Washa vyote, zungusha kitufe cha stesheni polepole sana na picha itatokea. Deki itakuwa mkalimani, hata kama haijala kanda tangu mtoto wako wa mwisho azaliwe. Kumbuka tu kwamba deki haili betri ya gari. Kama stima haijakufikia, rudi kwenye mashauri ya kuku.

Kwa hiyo ili kumfufua marehemu mmoja unahitaji marehemu wa pili. Ukifaulu, jezi za timu zote mbili zitakuwa za kijivu kama zamani, na mtabishana nani ameukanyaga mpira kama zamani.

*Shangazi, mjukuu wangu anauma mawe ya redio ati yapate nguvu. Mengine ameyaanika juu ya bati pamoja na mihogo. Kweli yanaongezeka, au ananiharibia meno ambayo mimi nitayalipia? Pia redio imekula kanda yangu ya nyimbo za Sukuma bin Ongaro.*
*— Kukhu, Khayega*

Mulembe, kukhu. Mjukuu hajakosea kabisa, na hilo ndilo linaloudhi. Jiwe la redio la kawaida ni kopo la zinki lenye unga mweusi na fimbo ya kaboni katikati. Likitumika mfululizo, mabaki ya kazi yake yenyewe huliziba. Likipumzika na kupata joto, mabaki hayo hutawanyika kidogo, nalo hutoa zile nguvu za mwisho mwisho. Kuuma nako huubana unga ushikane upya. Faida utakayoipata kwa jua la mchana kutwa ni dakika chache, basi panga vizuri. Yaanike mchana, yatie redioni saa ya matangazo ya vifo, ujue wa kwenda kumzika, kisha zima. Usijaribu kufika kwenye salamu za wasikilizaji. Yatakufia katikati, nawe utalala hujui kama ulisalimiwa.

Meno ayaache. Kopo la zinki likitoboka, maji yake hula spring'i za redio hadi ziwe na ukungu wa kijani, na ndipo mnaniletea mkisema nyinyi hamkuigusa. Mengi ya mawe hayo yalikuwa ya Eveready, kutoka kiwanda cha Nakuru. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, kikizidiwa na mawe ya bei nafuu ya kutoka nje.

Kanda usiikate. Redio hula kanda kwa sababu ule mpira mdogo wa kuvutia umejaa uchafu, kanda ikanata na kujizungusha mahali pasipo pake. Vuta taratibu. Futa mpira kwa pamba yenye spiriti ya dukani, si chang'aa. Chang'aa ya huko kwenu ina nguvu, lakini pia ina mambo mengine. Kisha chomeka biro ya Bic kwenye tundu la kaseti uzungushe kwa mkono hadi mkunjo uishe. Biro ile ina pembe sita, kaseti ina meno sita, na hata leo sijaona vitu viwili vya viwanda tofauti vikielewana hivyo.

*Mume wangu hulala na simu iliyozimwa. Si imezimika, imezimwa. Nikiuliza anasema, "Siku moja watairudisha."*
*— Mke wa Laini Mbili, Mukumu*

Mwanangu, naijua simu hiyo bila kuiona. Ina laini mbili, antena ya runinga ya kuvuta, spika zinazotosha harusi, na jina lililokopa herufi zote za Nokia isipokuwa moja. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, kwa agizo la Tume ya Mawasiliano, simu bandia karibu milioni 1.9 zilikatwa mtandao nchini. Kabla ya hapo tulipewa muda wa kubofya *#06#, tukasoma ile namba ya tarakimu 15 na kuituma kwa 1555 tuambiwe kama mtoto ni wa halali. Mume wako hakutuma. Wengi hawakutuma, maana jibu walilijua.

Hawatairudisha. Ila mwache nayo, kwani tochi bado inawaka na FM bado inashika. Kuna waume wanaolala na mambo mabaya zaidi. Jambo moja tu nalisimamia kwa ukali: igeuze uitazame mgongoni. Kama kifuniko kimefura, betri imevimba, na betri iliyovimba hailali kitandani wala haichajiwi tena. Itoe isiguswe kwa msumari wala kutupwa motoni, hata kama vijana wanataka kuona itakavyolia.

*Nina Nokia ya pini nene na chaja tano za pini nyembamba.*
*— Fundi Mwanafunzi, Politekniki*

Jirani yako ana shida hiyo hiyo kinyume chake. Msalimie.

*Shangazi, mwanangu yuko Nairobi. Kila Desemba hushuka hapa na gari likiwa limejaa: wufa inayonguruma bila wimbo, DVD isiyotoa sahani, maikrowevu ambayo haijawahi kupasha chochote, na mwaka jana runinga bapa iliyopasuka kioo. Anasema, "Mama, nimekuletea." Sebule imejaa. Wageni hudhani nimetajirika. Nikatae vipi bila kumvunja moyo?*
*— Mama Ghala, Sigalagala*

Dada yangu, moyo wake hautavunjika, kwa sababu hakukuletea zawadi. Huko nyumba ni ya kupanga, stoo ni ya mwenye nyumba, na kutupa kunamtia uchungu kwa jinsi alivyonunua ghali. Kwako kuna nafasi, na kuna mama ambaye akipewa husema asante. Runinga iliyopasuka kioo sina la kuifanyia. Kioo kipya hukaribia bei ya runinga nyingine, na walioiunda hivyo walijua. Wufa niletee, huenda ni kapasita za shilingi chache. Maikrowevu asiifungue mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Vinavyobaki vina mahali pake. Nairobi kuna kituo cha WEEE kinachopokea vifaa vya umeme vilivyokufa na kuvichambua ipasavyo, na huko ndiko vilikotoka. Januari akijiandaa kurudi atakuomba mahindi, maharagwe na parachichi, kama desturi. Mpe, ila weka sheria: chini ya kila gunia kikae kifaa kimoja. Akisema buti imejaa, punguza mahindi.